Kwa Shangazi: Filamu Uwanjani, Nani Ataingia na Nani Atarudi Salama?

Haya wapenzi wasomaji, mwezi huu meza ya Shangazi imejaa mambo ya filamu tu. Kuna vijana hapa Tanga wanajiandaa kuonyesha filamu usiku tatu mfululizo, wao wenyewe wameniandikia, na habari ilivyozagaa Ngamiani na Makorora basi na wengine nao wakaandika, mwenye swali lake, mwenye hofu yake, na mmoja mwenye hasira zake. Nimeamua nizijibu kwa mkupuo maana ukizisoma utaona wanaulizana wao kwa wao bila kujua. Majina nimeyatoa.

*Shangazi shikamoo. Sisi ni kikundi cha vijana, tunataka kufanya tamasha dogo la filamu, filamu fupi za vijana wa hapahapa na chache za nje. Tumepata sehemu mbili, ukumbi wa ghorofani una viti tayari na bei yake nafuu, au uwanja wa wazi, kama Tangamano hivi. Mwenzetu mmoja kwenye kamati akauliza watu wenye ulemavu watapandaje ghorofani, mwingine akajibu hao huwa hawaji kwanini tujisumbue. Kikao kikavunjika hapohapo. Hela yetu ni ndogo kweli shangazi, sio kwamba hatutaki. Katibu, Ngamiani.*

Marahaba mwanangu. Huyo aliyesema hawaji amesema nusu ya ukweli, kweli hawaji, ila hajajiuliza kwanini. Mtu wa kitimwendo akisikia "ukumbi wa ghorofani" tangazo lenyewe halimalizi, anajua hapo kuna mawili, abaki nyumbani au abebwebebwe ngazini mbele za watu, mtu mzima na heshima zake. Atabaki nyumbani. Alafu nyie mtasema si unaona, hawakuja.

Na sio watu wawili watatu hao. Sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 61, na kwa watu wa miaka 7 kwenda juu asilimia 11.2 wana ulemavu wa aina moja au nyingine, yaani kwenye kila watu tisa hivi mmoja. Mkiandaa viti mia tatu na hamuoni hata mmoja wao, jueni mmewafungia mlango bila kutumia kufuli. Na huyo mwenzenu mkali mwambieni pia kwamba Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 ya mkataba huo inataja wazi filamu, maigizo na sehemu za burudani, sio hospitali na shule tu, alafu mwaka uliofuata tukatunga sheria yetu wenyewe ya Watu Wenye Ulemavu, Sheria Namba 9 ya 2010. Kwa hiyo sio hisani mnaombwa.

Mimi kura yangu uwanja. Ila uwanja nao msidhani umeshamaliza kazi. Mnajua wenyewe viwanja vyetu, unafika getini unakuta mtaro wa maji ya mvua na zege la kufunikia limevunjika, watu wazima wanaruka, watoto wanaruka, wa kitimwendo anabaki ng'ambo anawaangalia. Kabla hamjalipa hata shilingi nendeni pale saa mbili usiku, sio mchana, mkiwa na mtu wa kitimwendo, mtu asiyeona na fimbo yake nyeupe, na mama mwenye mtoto mgongoni. Wao watangulie nyie mfuate nyuma mmenyamaza. Watakapokwama ndio bajeti yenu ianzie hapo. Mkikosa wa kuwaita waulizeni viongozi wa vyama vyao, kuna CHAWATA, yaani Chama cha Walemavu Tanzania, kuna chama cha wasioona TLB, kuna CHAVITA cha viziwi, na juu yao wote kuna shirikisho, SHIVYAWATA. Na muwalipe nauli na posho kama mnavyomlipa fundi wa spika, maana kazi wanayowafanyia ni ya ufundi vilevile, msije mkawaita kwenye kamati siku ya kupiga picha na bango tu.

Sasa hela ndogo inafanya nini. Fundi seremala yeyote wa Ngamiani anakutengenezea njia ya mteremko ya mbao, ila mpe kipimo asikisie, kila kimo cha sentimita moja urefu wake sentimita kumi na mbili. Ngazi yenye kimo cha sentimita 15 inataka mbao ya mita 1 na sentimita 80. Kama ni 30 basi mita 3 na sentimita 60. Vijana wengi wanaweka kipande kifupi kimesimama wima, kile ni mtego sio njia, kitimwendo kinabinuka kinyumenyume. Pembeni apigilie kizuizi cha mbao ili tairi isichomoke, na juu pawe na mkwaruzo, isiwe plaiwudi laini ikilowa umande inateleza. Kwenye mchanga au udongo laini tandikeni plaiwudi za futi nane kwa nne moja baada ya nyingine kwa urefu, ile futi nne ya upana inatosha kitimwendo kupita, na mwisho wa njia pawe na eneo la mita moja na nusu kila upande ageuzie. Plaiwudi mnakodi, mnarudisha.

Viti vyao msivirundike mbele kabisa kwenye kona, wanapinda shingo masaa mawili na wanaonekana kama wameadhibiwa. Acheni nafasi wazi kwenye safu tofauti, pembeni ya kila nafasi pawe na kiti cha aliyekuja naye, maana mtu anatoka na mkewe au shoga yake hataki kutenganishwa. Wenye ualbino na wengine wenye uoni hafifu wao ndio mbele panawafaa, wawekeeni safu yao na wala msiwamulike na taa za jukwaani usoni, mwanga mkali unawaumiza. Nyaya zote za umeme zipite juu au zifunikwe, waya mmoja umekatisha njia gizani unaangusha asiyeona, mzee na mtoto kwa pamoja.

Choo. Hapa ndio matamasha mengi yanapoharibika na hakuna anayepaza sauti kwa aibu. Mlango upana usipungue sentimita 80, ufunguke kwa nje, ndani pawe na kitu imara cha kushika, na njia ya kwenda iwe na taa. Kama uwanja hauna kakodini choo cha shule au ofisi ya jirani, chochote, ila mkakijaribu na mwenye kitimwendo mwenyewe. Kuna watu wanashinda bila kunywa maji kutwa nzima wakijua wanaenda sehemu isiyo na choo chao.

Tangazo nalo liseme ukweli. Andikeni njia ya mteremko ipo, choo kipo, filamu ya usiku wa pili ina maandishi, ya usiku wa tatu haina. Mtu aamue mwenyewe akiwa nyumbani. Na wekeni namba inayopokea meseji na sauti za WhatsApp, kiziwi hawezi kuwapigia na asiyeona hawezi kusoma bango lenu zuri la rangi kumi na mbili.

Na kabla sijasahau, msipange masika, na muangalie upepo. Ikiwa kipindi cha kusi na mko karibu na bahari, ile skrini ni tanga tupu, mita nne kwa tatu inakokota nguzo na kuziangusha juu ya watu. Waiteni mabaharia wa majahazi wawafungie kamba, wale hawakisii.

*Habari shangazi. Mimi ni kiziwi, naandika mwenyewe. Wenzangu wakienda kuangalia filamu naenda nao lakini naangalia midomo tu, wanacheka nacheka. Filamu za Wazungu zina maandishi ya Kiingereza, za kwetu za Kiswahili hazina kitu. Nikiomba maandishi ya Kiswahili kwenye filamu ya Kiswahili wananishangaa, wanasema si lugha yako hiyo. Je naomba makubwa? Kijana wa Chumbageni.*

Huombi makubwa mwanangu, wanaokushangaa ndio hawajafikiria. Maandishi ya chini, wengine mnaita sabtaito, watu wanadhani ni ya mtu asiyejua lugha. Wewe lugha unaijua, sauti ndio haikufikii. Ndio maana maandishi yako hayatoshi kuwa na maneno ya waigizaji peke yake, yanatakiwa yaseme na nani anaongea kama haonekani, na mlio unaobeba maana, mlango unagongwa, adhana inasikika kwa mbali, simu inaita chumba cha pili. Mwenzio akishtuka na wewe ujue anashtuka nini.

Nyie wa kamati sikilizeni hapa maana hii haina gharama mkiwahi. Kwenye masharti ya kupokea filamu andikeni kila filamu ije na faili lake la maandishi ya Kiswahili, lile la aina ya SRT linalobeba maneno na saa ya kutokea kwake linatosha, kijana aliyehariri filamu kwenye kompyuta yake anaweza kuliandaa, programu za bure zipo. Mkisubiri wiki ya mwisho ndio mtaambiwa haiwezekani. Mistari isizidi miwili kwa wakati mmoja, kila mstari herufi arobaini hivi, nyeupe yenye kivuli cheusi nyuma, na yakae muda wa kusomeka. Alafu kitu ambacho ukumbini hakisumbui ila uwanjani kinaua kabisa, skrini ikiwa chini vichwa vya watu vinafunika maandishi yote. Inyanyueni, ukingo wa chini uwe juu ya kichwa cha mtu aliyekaa, mita moja na nusu hivi au zaidi.

Ila maandishi hayamalizi. Kuna viziwi ambao Lugha ya Alama ya Tanzania ndio lugha yao ya kwanza na kusoma Kiswahili haraka haraka kunawachosha, wengine shule hawakuipata. Kwenye mazungumzo baada ya filamu, pale mtengenezaji anapoulizwa maswali, lazima mkalimani awepo, na wawe wawili wapokezane kila baada ya dakika ishirini thelathini, mikono inachoka na akili inachoka. Asimame karibu na anayeongea, na taa yake mwenyewe, nguo yake ya rangi moja iliyotofautiana na ngozi. Nimeona sherehe wanazima taa zote alafu mkalimani yupo gizani anaongea na popo.

Wewe kijana, waandikie hawa, wanakutafuta na wewe unawatafuta.

*Shangazi, mwanangu wa kike ana miaka 12 na ana kifafa. Anapenda filamu kupita maelezo. Naogopa kumpeleka, taa zikianza kuwaka waka ataanguka na watu watamkimbia kama mwaka jana kwenye harusi. Nimzuie? Mama, Makorora.*

Pole dada yangu, hilo la kukimbiwa linauma kuliko kuanguka kwenyewe. Kwanza nikutoe wasiwasi kidogo, wenye kifafa wengi mwanga wa kuwaka waka hauwaletei chochote, wanaodhurika nao ni kama watatu kwenye mia, japo kweli kwa watoto na vijana ndio inatokea zaidi. Muulize daktari wake au muuguzi wa kliniki yuko kundi gani. Mara nyingi kinachomwangusha mtoto ni dozi iliyorukwa au usingizi mchache, kwa hiyo siku hiyo alale mchana na dawa anywe kwa saa yake hata kama filamu imenoga.

Kamati nao wana kazi. Filamu yenye mwanga unaomweka zaidi ya mara tatu kwa sekunde moja itangazwe kabla, kwa sauti na kwa maandishi, na dakika yake itajwe ili mtu atoke au ageuke. Na muziki wa kabla ya filamu usiwe na zile taa za disko, hazihitajiki, mmekuja kuonyesha filamu. Nawe dada, mkae nyuma kidogo skrini isimjae binti macho yote, na mwanga ukianza afunike jicho moja na kiganja, moja tu, inasaidia kuliko kufumba yote mawili.

Akianguka, na hapa nasema na kila mtu atakayekuwepo uwanjani: povu la kifafa haliambukizi. Haliambukizi kabisa. Ondoeni viti na vitu vigumu karibu yake, wekeni kanga au koti chini ya kichwa, msimshike kwa nguvu, msimtie kijiko wala kitambaa wala kidole mdomoni, angalieni saa, mtetemeko ukipungua mlazeni ubavu mate yatoke, na mtu mmoja abaki naye anaongea naye taratibu mpaka arudi sawa. Ikizidi dakika tano au ikirudia kabla hajapata fahamu ndio gari ya hospitali. Watu wawili wa kamati wakijua haya na wakavaa kitu cha kutambulika, wewe unaenda kuwaonyesha binti yako mapema, mnakaa karibu nao, basi. Mpeleke.

*Shangazi vipi. Kuna hili tamasha vijana wanataka kuweka mabaunsa wanne kutoka mjini kwa ajili ya ulinzi. Mimi ni dada wa miaka 23, mara ya mwisho kwenye onyesho la usiku nilishikwa shikwa kwenye msongamano wa kutoka, nikamwambia baunsa akacheka akasema ungevaa vizuri. Kurudi nyumbani bodaboda akanipandishia bei mara tatu kisa usiku. Sitaki kwenda tena kama ulinzi wenyewe ndio huo. Dada wa Mabawa.*

Na mimi nisingeenda. Mwanangu pole sana, na aliyekucheka alitakiwa aondoke na mkono wake mtupu bila malipo usiku uleule.

Baunsa amelipwa kulinda geti na spika. Hajui wewe ni binti wa nani, hajui kichochoro gani taa imeungua, na kesho yake hayupo. Ulinzi wa usiku wa filamu wenyewe wapo mtaani tayari ila hakuna anayewapa kazi kwa jina. Kuna mama anayeuza mihogo na chai pale pembeni ya uwanja kila jioni, yule anaona kila mtu anayeingia na kutoka kuliko kamera. Kuna mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake. Kuna kijiwe cha bodaboda chenye mwenyekiti wake na refleta zake za namba. Kuna wazee wa msikiti wa jirani ambao mkienda kuwasalimia wiki mbili kabla na mkakubaliana filamu zinaanza baada ya Isha na sauti haizidi, watakuwa upande wenu, na msipoenda wataenda polisi kuwashtaki.

Kamati, kaeni nao kikao kimoja tu. Kwa kijiwe cha bodaboda na bajaji mkubaliane nauli ya usiku kutoka uwanjani mpaka Makorora, mpaka Mabawa, mpaka Raskazone, iandikwe kwenye ubao getini watu waione, na pale getini akae mtu mwenye daftari anaandika namba ya pikipiki na saa ya kuondoka kwa kila dada anayetaka. Dereva akijua ameandikwa anaendesha na adabu. Bajaji mbili zibaki kwa ajili ya wenye vitimwendo, kitimwendo kinachokunjwa kinaingia nyuma, na hao waondoke kwanza kabla ya msongamano, au mwisho kabisa kama wenyewe wanataka, waulizwe.

Wapokezi watoke mtaani, wanawake wasipungue nusu, watembee wawili wawili na kanga ya aina moja begani ili gizani mtu ajue wa kumwendea. Wafundishwe jioni moja, na la kwanza kufundishwa ni kumsikiliza mtu bila kumuuliza alivaa nini. Pawe na meza ya msaada sehemu ya mwanga lakini sio katikati ya macho ya watu, aliyedhalilishwa akae, apewe maji, aambiwe njia zilizopo alafu achague yeye. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo, na mashambulio ya aibu ni kosa la jinai, kushikwa kwenye msongamano sio utani. Ikiwa ni ubakaji hospitali ndani ya masaa 72 maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinafanya kazi ndani ya muda huo, na mapema ndio bora, na aende hivyohivyo bila kuoga. Akiwa ni mtoto hakuna kuchagua, hapo taarifa inatolewa, na namba ya simu ya watoto ni 116, bure.

Watoto wanaopotea ni jambo la kila usiku, kwa hiyo geti moja liwe na karatasi za kuandika namba ya mzazi mkononi au mfukoni mwa mtoto. Na mtoto aliyepatikana hatangazwi jina lake kwenye spika, hilo wengi hawalijui, unamtangaza "mtoto mwenye shati jekundu anaitwa Fulani" mtu yeyote anakuja kumchukua akijua jina. Tangazeni mzazi aliyepoteza mtoto aje mezani, aseme yeye mtoto kavaa nini.

Sasa nina onyo, maana nikisema ulinzi wa mtaa kuna wanaosikia fimbo. Kibaka akishikwa na simu ya mtu asipigwe. Nasema asipigwe, hata kofi. Raia anaruhusiwa kumshika anayefanya kosa mbele yake, alafu anamkabidhi polisi bila kuchelewa, mwisho wa kazi yake hapo. Wapokezi kazi yao ni kumzungushia duara watu wasimfikie. Na kuna wanaodhaniwa kibaka kumbe ni kijana mwenye usonji amechukua kofia ya mtu, au kiziwi ambaye hakusikia akiitwa simama. Ndio maana nataka hao hao mliotembea nao uwanjani usiku wa ukaguzi wawafundishe na wapokezi, asiyeona ashikwe vipi, yaani asishikwe, apewe kiwiko ashike yeye, kitimwendo kisisukumwe bila mwenyewe kuombwa.

Polisi bado wanahitajika, kibali cha serikali ya mtaa na cha Bodi ya Filamu msikwepe, na watu wa zimamoto waambiwe, namba yao 114. Geti mbili za kutokea, zisifungwe kufuli hata kwa dakika moja kisa watu wanaingia bila tiketi. Jenereta likae mbali moshi wake usiende kwa watu. Haya yanajulikana, sitayarefusha.

*Asalaam alaykum. Mimi ni mzee, macho yameondoka. Ujana wangu nimeumalizia Majestic na Novelty hapa hapa Tanga, jumapili hukosi. Wajukuu wananiambia twende kwenye filamu za uwanjani, nawauliza nikafanye nini. Babu, Ngamiani.*

Waalaykum salaam babu yangu, shikamoo. Umenikumbusha mbali, na Regal umeisahau.

Nenda. Mambo haya kwa wenzetu wanaita maelezo ya sauti, mtu anasimulia kinachoonekana pale waigizaji waliponyamaza, mlango unafunguka, anaingia mwanamke na bahasha, mwanaume anaificha barua. Watu wanasema ni mambo ya Ulaya, wakati sisi kwenye vibanda umiza tulikuwa na Lufufu na wenzake wanasimulia filamu nzima kwa Kiswahili, na chumvi juu, na watu walilipa kwa ajili ya sauti zao. Huo ufundi tunao. Tofauti ni kwamba msimuliaji wa wasioona asiongeze stori zake, aseme kilichopo, asiwafunike waigizaji, na awe ameiangalia filamu mara kadhaa akaandika maelezo yake mapema.

Kwa kamati isiyo na vifaa vya masikioni njia rahisi ni filamu moja kwa usiku isimuliwe kwenye spika kwa watu wote, itangazwe hivyo, mtaona hata wanaoona wanaipenda. Shule ya Pongwe ina wanafunzi wasioona, waalikeni na walimu wao usiku huo, na msimuliaji awasomee wao kwanza majaribio, watamwambia alipoharibu, watoto hawana kuficha. Kiti chako babu kiwe karibu na spika lakini sio mbele yake, na mjukuu aingie bure.

*We shangazi unawapa vijana mzigo. Mkalimani, ramp, bajaji, choo, hela atatoa nani? Hata tamasha kubwa la Zanzibar lina wafadhili. Hawa ni watoto wa mtaani. Mwenye Duka, Barabara ya 8.*

Kaka yangu, hilo la Zanzibar lilianza miaka ya tisini kwenye Ngome Kongwe na hata lenyewe halikuwa kubwa siku ya kwanza. Ila swali lako la haki. Hela ikiwa haitoshi mimi ningepunguza usiku, tatu ziwe mbili, au filamu kumi na tano ziwe nane, kabla sijakata choo au mkalimani. Ningeacha pia zulia jekundu, fulana za kamati na yule MC wa laki kadhaa. Maandishi hayana gharama mkiwahi, wapokezi ni chakula na nauli, plaiwudi ni ya kukodi.

Msindikizaji wa mtu mwenye ulemavu asilipe, hilo hata mkiniuliza mara ngapi jibu ni hilohilo. Na wewe kwa kuwa una duka, plaiwudi sita na taa mbili za kichochoro cha kutokea uwanjani zinatosha kwa kuanzia, katibu wao atapita kwako Jumatatu.